Mwezi wa Nne Hatukuhesabu

Elia alizikwa Samunge siku ya Jumanne, nami nilipata habari Ijumaa, kwa dereva wa lori la mahindi aliyesimama hapa Karatu kuziba pancha. Hakuwa akiniambia mimi. Alikuwa akiwasimulia vijana wa gereji, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye benchi nikisubiri sufuria yangu itiwe kiraka. Alisema yule mzee aliyekuwa akipanga zamu za maji kwenye mifereji ya Samunge, yule mwenye desturi ya kuchora vijumba na mishale ardhini kwa fimbo ili kila mtu aelewe zamu yake, amefariki kwa ugonjwa wa kifua. Jina hakulitaja, wala sikumuuliza. Hakuna mtu mwingine katika milima yote ile ambaye angechora vijumba na mishale. Niliondoka bila sufuria, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuandika mwaka mmoja tu, mwaka wa tano baada ya Uhuru, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na kazi yangu ilikuwa kutoboa kadi.

Tulikuwa wawili katika chumba kimoja cha mbao ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Zamani kilikuwa ghala la ngozi, na siku za joto, ambazo hazikuwa nyingi, harufu ya ngozi ilirudi ikitoka kwenye sakafu. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nyati walilala karibu na ngazi na hatukuwaona mpaka mmoja apumue. Katikati ya chumba palikuwa na jiko la mkaa ambalo halikuruhusiwa kuzimika mchana kutwa. Sisi tulitetemeka kwa baridi, lakini jiko lilikuwa la kadi. Kadi zikipata unyevu huvimba, na zikivimba, tuliambiwa, kompyuta iliyoko Nairobi huzitema. Kwa hiyo masanduku ya kadi yalipangwa kulizunguka jiko kama wageni wa heshima, na sisi tukakaa nyuma yake. Elia alisoma kwa sauti kutoka kwenye madaftari ya porini: "Lerai. Tarehe tisa. Nyumbu mia nne kumi na wawili. Wanaelekea mashariki." Mimi nilibonyeza kitufe cha mashine ya kutobolea, tundu likatoboka kwenye kadi, nikabonyeza tena. Tarakimu moja, tundu moja. Kila kadi ilikuwa na safu themanini, na ukikosea safu ya sabini na tisa unaitupa kadi nzima na kuanza upya.

Mkubwa wetu alikuwa mtafiti wa nyumbu, Mzungu mrefu aliyeinama kidogo, ambaye sote tulimwita Daktari ingawa hakutibu mtu. Alikuwa mpole na alikuwa mbali nasi. Sidhani kama alijua mimi natoka Endabash, au kwamba Elia aliposema "nyumbani" alimaanisha mwendo wa siku tatu. Elia alikuwa mmoja wa wale ambao sisi wa huku tuliwaita Wasonjo, na kila mara alitusahihisha bila hasira: "Sisi ni Wabatemi." Alikuwa mwembamba, mwenye kucheka kwa pua, na alikuja na kibuyu cha asali ya kwao ambayo tuliilamba kwa kijiti baada ya ugali na maharage ya mchana. Mimi ni Mwiraqw. Kiswahili chetu sote wawili kilikuwa cha darasani, na tulipokasirika kila mmoja alirudi kwenye lugha yake, ndiyo maana hatukuwahi kugombana kwa kweli. Hakuna aliyeelewa matusi ya mwenzake.

Mwezi wa pili alikuja mwanamke kutoka Nairobi kutufundisha kazi vizuri, kwa sababu kadi zetu zilikuwa na makosa mengi. Tulimwita Misi Joan. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za ile kompyuta, na mimi sikuwa nimewahi kuwaza kwamba kazi kama hiyo inaweza kufanywa na mwanamke, achilia mbali mwanamke anayevaa sweta lililotoboka kiwikoni. Alipaswa kukaa siku nne akakaa wiki tatu, maana mvua ilikata barabara mapema. Alipomaliza kutufundisha kutoboa, akaanza, kwa kuchoka kukaa bure nadhani, kutueleza kadi zinakokwenda.

"Msidhani ina akili," alituambia siku ya kwanza. "Ni mjinga kuliko wajinga wote. Inatenda ulichoandika, si ulichokusudia."

Akatufundisha kwamba kila kitu ndani yake ni ndiyo au hapana, moja au sifuri, na kwamba kwa hayo mawili unaweza kuandika namba yoyote. Akatufundisha sharti: kama jambo fulani ni kweli, nenda hapa, kama si kweli, nenda pale. Akatufundisha mzunguko, yaani kurudia kazi ileile mpaka kitu fulani kitokee, na akasisitiza kwamba kosa kubwa la wanafunzi ni kusahau kuiambia mashine ni lini iache. Akatuonyesha kuchora hatua hizo kwa vijumba na mishale kabla ya kuandika chochote. Mimi nilinakili kila neno. Elia hakunakili kitu. Alikuwa anatazama karatasi huku midomo ikicheza, kisha akasema, "Hii ni mifereji."

Misi Joan akamtaka aeleze. Akaeleza kwamba kwao maji ya kijito hugawanywa kwa vilango vya udongo na magogo. Kilango ama kimefungwa ama kimefunguliwa, hakuna cha katikati. Maji yakifika penye njia panda yanakwenda kwa yule ambaye zamu yake imefika, la sivyo yanaendelea chini. Na zamu zikiisha zinaanza upya. "Wazee hawaandiki," alisema, "lakini wanapanga hivi hivi." Misi Joan alimtazama kwa muda. Nakumbuka jinsi alivyomtazama kwa sababu mimi sikutazamwa hivyo.

Siku aliyoondoka alituachia karatasi yenye vitabu saba, kwa mpangilio wa kuvisoma. Vijana wa siku hizi hapa Karatu, wanaofanya kazi za kompyuta kwenye ofisi za watalii, wakigundua kwamba bibi kizee huyu aliwahi kutoboa kadi, huniuliza kwa mzaha waanze na kitabu gani, nami huwajibu kwa dhati, kwa sababu mpangilio ule nimeushika mpaka leo. Kwanza kitabu cha mantiki, ili ujue nini hufuata nini. Pili cha kuhesabu kwa mawili badala ya kumi. Tatu cha kuivunja kazi kubwa katika hatua ndogo. Cha nne, ndipo lugha yenyewe ya mashine. Cha tano kilihusu kutafuta na kupanga vitu, yaani jinsi ya kupata kadi moja kati ya elfu bila kuzigusa zote. Cha sita kilikuwa cha makosa tu, kitabu kizima cha jinsi programu zinavyoharibika. Cha saba kiliuliza kama mashine inaweza kufikiri, na pembeni yake aliandika: msikiguse mpaka mmalize vile sita. Vijana hucheka. Wanadhani natania. Katika vitabu hivyo saba mimi nimewahi kukishika kimoja.

Pamoja na karatasi hiyo alitupa ahadi. Nairobi palikuwa na nafasi moja ya mafunzo, miezi minane kwenye mashine yenyewe. Kabla ya mwisho wa mwaka kila mmoja wetu aandike programu ya kazi ileile: kwa kila eneo la bonde na nyanda zake, na kwa kila mwezi, jumlisha nyumbu wote, gawanya kwa siku za kuhesabu, toa wastani. Tuandike kwenye karatasi, tutume kwa posta, yeye ataziendesha. Programu itakayofanya kazi ndiyo itakayompatia mwenye kuiandika nafasi, na zote mbili zikifanya kazi, itashinda iliyo fupi zaidi.

Tuliteremka Karatu kwa lori la vifaa kuagiza vitabu. Mwenye duka lililopokea barua na vifurushi vya watu wengi alikuwa Mzee Abdallah, ambaye aliuza vitambaa, chumvi na betri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Marahaba, kijana. Nini leo?"

Elia akampa karatasi. Aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho, kisha akasema, "Arusha hamna hivi. Nitamwandikia mtu Nairobi. Lakini kwa nini msisome ualimu? Ualimu una vitabu vyake vipo hapa hapa." Elia akacheka kwa pua. Tukanywa chai yake ya tangawizi tukiwa tumesimama, na njiani kupanda Elia aliongea mpaka lori likafika getini. Siku hiyo niliamini kila kitu.

Baada ya miezi mitatu kilifika kitabu kimoja. Kilikuwa cha tatu, cha kuvunja kazi kubwa katika hatua ndogo, na kilikuwa kimelowa njiani hadi kurasa za katikati zikashikana. Tulizitenganisha kwa wembe karibu na jiko, ukurasa mmoja asubuhi moja. Kuhusu vile sita vingine, Mzee Abdallah alisema barua zake hazijibiwi. Basi tulisoma hicho, saa ya chakula, mimi na kamusi magotini, Elia na sufuria ya maharage. Mimi nilijua Kiingereza zaidi yake. Yeye aliielewa maana kabla sijamaliza kutafsiri sentensi. Nilikuwa natafuta neno kwenye kamusi, naye alikuwa tayari ameshachora vijumba sakafuni kwa kipande cha mkaa, na vilikuwa sahihi. Nilijifunza mengi kutoka kwake, na kila nilichojifunza kiliniuma kidogo, kwa sababu mimi nilisoma kwa bidii na yeye alikuwa kama anakumbuka tu.

Sasa nifike pale. Mwezi wa tisa tulikuwa tumemaliza kuandika. Yangu ilijaza karatasi nne. Yake ilikuwa moja na nusu. Tulikubaliana kubadilishana ili kila mmoja akague makosa ya mwenzake, kama kitabu kilivyoshauri. Niliisoma yake Jumatatu, na kwa uzuri wake niliiona kama mtu anayeona nguo aliyoshonewa mwingine. Niliisoma tena Jumanne. Jumatano nikaona. Alipogawanya jumla kwa siku za kuhesabu, hakuuliza kwanza kama siku hizo zipo. Mwezi wa nne mvua ilikuwa imekata njia ya eneo la Malanja, na gari la kuhesabia lilishindwa kufika huko wiki zote. Huko hatukuhesabu hata siku moja. Elia hakujua, kwa sababu mwezi huo wote alikuwa likizo kwao. Mimi ndiye niliyekuwa peke yangu chumbani na masanduku, mimi ndiye niliyejua kwamba hakuna hata kadi moja ya Malanja ya mwezi wa nne. Mashine ingefika pale ikaambiwa igawanye kwa sifuri, na ingesimama. Mstari mmoja tu ulikosekana. Kwenye yangu niliuweka alipokwisha kunirudishia, si kwa akili kubwa, ila kwa kuwa nilikumbuka ile mvua.

Alhamisi akaniuliza, "Umeona nini kwenye yangu?"

"Mwandiko," nilisema. "Saba zako zinafanana na moja."

Akashukuru. Akaziandika saba zake zote upya, moja moja, na kuzikatiza kistari katikati. Yangu alikuwa amepata makosa matatu na alikuwa ameyasahihisha kwa penseli, na pembeni ameeleza kwa nini. Bila yale marekebisho yake yangu isingefika hata mwezi wa pili. Lori la posta liliondoka siku tisa baadaye. Kwa siku tisa tulikula sufuria moja, nikapitisha kijiti cha asali kutoka mkononi mwake kwenda mdomoni mwangu, na kila siku nikajiambia kesho. Watu wakisimulia makosa yao ya ujana husema walikuwa hawajui. Mimi nilijua. Nilitaka kuiona ile mashine kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilijua kwamba mstari ule ukiongezwa sitaiona.

Jibu lilikuja mwisho wa mwezi wa kumi na moja, bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa, iliyochapwa na mashine yenyewe, jina langu juu, na chini yake maeneo yote, miezi yote, wastani wote. Ya Elia ilikuwa kipande kifupi. Ilikwenda vizuri Januari, Februari, Machi. Ikafika Malanja, mwezi wa nne, ikakatika. Misi Joan alikuwa ameandika kwa mkono kwamba anasikitika sana, kwamba hajaona kazi safi kama hii kwa mtu asiye na mwalimu, ila sheria ni sheria.

Elia aliitazama ile karatasi yake amesimama karibu na dirisha. Kisha akaenda kwenye masanduku, yaliyorudishwa kutoka Nairobi pamoja na bahasha, akafungua la mwezi wa nne, akapekua kwa kidole. Nilisikia kadi zikigongana. Akalifunga.

"Hakuna Malanja," alisema.

"Mvua," nikasema.

"Ulijua hakuna?"

"Nilisahau."

"Na kwenye karatasi yangu hukuona?"

Alikuwa ananitazama kama mtu anayeuliza njia. Hakukuwa na shutuma usoni mwake, na nadhani kama ingekuwepo ningesema kweli. "Sikuona, Elia," nilisema.

"Basi tulikuwa wajinga wote wawili," akasema, akacheka kwa pua, akaja kunipa mkono kwa ushindi wangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi sana.

Siku mbili baadaye nilikuwa narudisha vikombe jikoni nyuma ya ofisi ya Daktari. Ukuta ulikuwa wa mbao, na Daktari alikuwa na mgeni wa kutoka Nairobi, bwana mnene aliyekuja kukagua vifaa, kwa kuwa mradi wenyewe ulikuwa unafungwa mwisho wa mwaka. Waliongea Kiingereza, nami Kiingereza nilikijua kuliko walivyodhani. Mgeni alisema lile suala la msichana haliwezekani. Mafunzo ni ya vijana wa kiume, mabweni ni ya wanaume, hakuna pa kumweka, na Joan hakupaswa kuahidi. Daktari akasema ni jambo la kusikitisha. Kisha akauliza, "Na yule kijana?" Mgeni akajibu kwamba programu ya kijana ilisimama katikati. "Ingefanya kazi, tungemchukua yeye kesho asubuhi," alisema. "Kitanda kipo." Nikasikia kiti kikisogezwa, na Daktari akaanza kueleza habari za matairi ya gari.

Nilibaki na vikombe mikononi. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nilipiga taipu katika ofisi ya wilaya mpaka nikastaafu, niliolewa, nilizika mume, na hakuna mwaka ambao sikurudi pale jikoni. Hakuna hesabu ninayoweza kuifanya ikatoa jibu lingine. Nilidhani nachukua nafasi yake. Haikuwa nafasi yangu hata nusu siku. Ningemwambia neno moja Alhamisi ile, angekwenda, na kitanda kilikuwepo. Kumbe nilichofanya ni kuifunga njia ambayo mimi mwenyewe sikuruhusiwa kupita.

Ningeweza kwenda kwa Daktari mchana uleule nikasema kosa ni la kukosa habari, si la kukosa akili, waiongezee mstari ule waiendeshe tena. Nilifikiri hivyo. Nilifika mpaka mlangoni. Lakini kusema hivyo kulitaka niseme pia nilijua tangu lini, na mgeni alikuwa anafunga mkoba wake, na gari lilikuwa linawashwa. Nikarudi chumbani.

Elia hakuwa amekaa kwa huzuni. Alikuwa amekifungua kitabu kwenye sura ya mwisho, ile ambayo hatukuifikia, na amesafisha sakafu ili achore. "Wiki moja imebaki," alisema. "Wewe unakwenda Nairobi, watakucheka kama hujui hii. Kaa." Sikumwambia nilichosikia. Ningemwambia nini, kwamba siendi, na kwamba angekwenda yeye? Nikakaa.

Kwa wiki nzima alinifundisha. Ilikuwa sura ya kazi ndogo ndani ya kazi kubwa: programu inaacha inachofanya, inaita kipande kingine kifanye jambo moja, kisha inarudi palepale ilipokuwa imefika. Alieleza kwa subira, akarudia, akanipa mifano ya kujaribu, akaniambia nisione aibu kuuliza. Mimi nilitazama mkaa ukitembea sakafuni na sikusikia hata nusu. Chumba kilikuwa kinabaki kitupu. Watu walikuwa wanabeba masanduku ya kadi kwenda kuyachoma, na jiko halikuwa na kazi tena ila tuliliwasha kwa ajili yetu, mara ya kwanza mwaka ule. Alinipa kile kitabu, nikakikataa, akakiingiza kwenye kikapu changu bila kunisikiliza.

Siku ya mwisho lori la Loliondo lilimjia asubuhi, nalo lilikuwa halizimwi injini kwa sababu betri ilikuwa mbovu. Alikuwa tayari amebeba blanketi begani, lakini alichuchumaa tena sakafuni. Kulikuwa na jambo moja, alisema, ambalo kitabu hakikueleza vizuri na yeye amelifikiria kwa njia yake mwenyewe: ikiwa kile kipande kilichoitwa nacho kinaita kipande kingine, na hicho kinaita kingine, mashine inakumbukaje kurudi kwa kila mmoja? Akachora kijumba, akachora cha pili juu yake. Dereva akapiga honi. Akachora cha tatu, haraka, akaandika ndani yake kitu ambacho sikuweza kukisoma. Honi ikapigwa tena, na utingo akapiga kelele kwamba wanamwacha.

"Umeelewa?" aliniuliza huku akisimama.

"Nimeelewa," nilisema.

Akafurahi. Aliruka ngazi zote kwa mara moja, akakimbia kwenye ukungu, na nikasikia bodi ya nyuma ya lori ikifungwa. Nilirudi ndani nikavitazama vile vijumba vitatu mpaka wafagiaji walipokuja, na sikuelewa.